Jinsi ya kukokotoa bei na nauli ya madini ya risasi katika madaftari ya Uingereza ya karne ya 18

Ukifungua daftari la mfanyabiashara wa madini ya risasi wa Derbyshire, usikimbilie pauni na shilingi. Anza na mizani.

Hatua ya 1: Jua fodha ni ya wapi. Risasi iliuzwa kwa fodha, kipimo cha uzito, na fodha haikuwa moja. Kwenye viwanda vya kuyeyushia vya Derbyshire ilikuwa handredweti 22½. Hull na London 19½. Handredweti ni ratili 112, kwa hiyo fodha ya Derbyshire ina ratili 2,520 na ya London 2,184. Andika jina la mji kando ya kila bei kabla hujagusa hesabu.

Hatua ya 2: Geuza kila bei iwe ya handredweti moja. Pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi ilikuwa peni 12.

Hatua ya 3: Fuata mzigo. Farasi waliushusha kutoka milimani hadi Bawtry, kwenye mto Idle. Mashua zikaupeleka Stockwith, zikashuka mto Trent hadi Hull, kisha meli ikaufikisha London. Tafuta nauli ya kila kipande cha safari, pamoja na malipo ya kupakua, kupima na kuhifadhi. Wakati wa vita, angalia pia bima ya baharini, ilikuwa ikipanda.

Hatua ya 4: Jumlisha. Tuchukue tarakimu za mazoezi. Umenunua Derbyshire kwa pauni 18 kwa fodha, ukauza London kwa pauni 18 kwa fodha. Nauli na gharama zote ni shilingi 2 na peni 5 kwa handredweti. Hasara tupu? Hapana. Ulinunua handredweti kwa shilingi 16 (360 gawanya kwa 22½). Ongeza gharama, inakuwa shilingi 18 na peni 5. Umeuza kwa shilingi 18 na peni 5½ (360 gawanya kwa 19½). Nauli yote imelipwa na tofauti ya mizani, na nusu peni imebaki. Inaniuma kuona mfanyabiashara makini akiitwa mzembe kwa sababu msomaji hakuuliza fodha ni ya wapi.

Hatua ya 5: Tazama mwaka. Mfereji wa Chesterfield ulifunguliwa hadi Stockwith mwaka 1777, ukainyang'anya Bawtry biashara yake. Daftari la baada ya hapo lisipoitaja Bawtry, usidhani kurasa zimepotea: tafuta ushuru wa mfereji.