Tikiti zinatoka kombo? Angalia saa unayopiga dawa

Wakulima wenzangu wa Kahe, Arusha Chini mpaka Kikatiti, tikiti likipinda au likinyauka likiwa saizi ya ndimu watu wanakimbilia duka la pembejeo kuongeza mbolea, kumbe mara nyingi nyuki hawakufika kwenye ua basi.

Tikiti lina ua dume na ua jike kwenye mmea mmoja, la jike utalijua tu maana chini yake kuna kitikiti kidogo cha kijani, na hilo linafunguka asubuhi, mchana limeshajifunga, nafasi yake ni siku hiyo moja. Nyuki wanatakiwa walitembelee mara nyingi ndo chavua itoshe, ikiwa kidogo tunda linajaa upande mmoja. Sasa wewe saa mbili asubuhi uko na bomba mgongoni, unategemea nini?

Piga jioni, saa kumi na mbili hivi, nyuki wamerudi mzingani, ua la leo limefunga na la kesho bado. Dawa ya maji ni afadhali kuliko ya unga, unga unashika kwenye manyoya ya nyuki anaupeleka nyumbani na chavua yake. Ila ukiona kwenye lebo imeandikwa imidacloprid au thiamethoxam hata hiyo jioni haikusaidii, zile zinaingia ndani ya mmea mpaka kwenye mbochi (maji matamu ya ua) na chavua, kwa hiyo shamba likianza kutoa maua ziache kabisa. Na jirani mwenye mizinga mwambie mapema jamani, simu haigharimu kitu.

Wenye parachichi huko juu, msikate miti yote ya aina ya Fuerte kisa soko linataka aina ya Hass. Ua la Hass asubuhi linafunguka kama jike, linafunga, linarudi kesho yake mchana likiwa dume, Fuerte ni kinyume chake, asubuhi ndo dume. Anayebeba chavua kutoka huku kwenda kule ni mdudu.

Nyanya ni habari nyingine, nyuki wetu wa asali hawezi kulitikisa ua lake chavua itoke, wanaoweza ni yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa mbao, kwa hiyo magogo makavu ya pembeni usichome yote.

Kama una mzinga wako, utundike kivulini, waya upake grisi siafu wasipande, weka beseni la maji lenye mawe ya kutua. Asali usikombe yote, nyuki wa kwetu hawabembelezi mtu, wakikosa chakula wanahama. Masega yenye utando kama wa buibui ni nondo wa nta, yatoe, kundi likiwa na nguvu lenyewe linawafukuza. Ila ukikuta asubuhi lundo la nyuki waliokufa mlangoni, ndimi nje, hapo sumu ndo ya kushuku kwanza, anza kuuliza nani kapiga dawa jana na kapiga nini.