Bunduki inakwama? Anza na maganda

Bunduki ya nusu otomatiki hurusha maganda mbali, kwa hiyo tandika turubai upande yanakoangukia. Piga risasi tano tano, kisha yapange maganda kwa mfuatano uleule.

Risasi ikigoma kuwaka, usifungue bolti (komeo linaloifungia risasi ndani). Acha mtutu uelekee shabaha kwa sekunde 30, ndipo uitoe. Mlio ukiwa hafifu, acha kupiga kabisa: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itaupasua. Toa magazini, hakikisha chemba (mahali inapokaa risasi nyuma ya mtutu) ni tupu, upitishe fimbo ya kusafishia.

Kwenye ganda, tazama kitako kwanza. Fataki, yaani kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikiwa imegongwa kidogo tu, shuku pini chafu au springi iliyolegea. Ikiwa imegongwa sawasawa na bado haikuwaka, kosa ni la risasi, mara nyingi unyevu. Fataki iliyolala bapa peke yake haithibitishi kitu, lakini ikiambatana na alama inayong'aa ya kirusha ganda, shinikizo limezidi. Sababu ambayo wengi huisahau ni kuingiza risasi ileile chembani kila siku na kuitoa: kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua. Nyingine ni kutumia risasi za 5.56 NATO kwenye chemba iliyotengenezwa kwa risasi za .223.

Ukingo wa kitako ukichanika, ganda limeng'ang'ania chembani. Isugue chemba kwa brashi yake kabla ya kununua kipuri chochote.

Mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, ni hatari: ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Pinda ncha ya waya mwembamba, iburuze kwa ndani. Ikinasa kwenye mfereji, bunduki iende kwa fundi wa silaha akaipime chemba. Kibonyeo cha ubavuni ni kawaida, kimetokana na kugonga bunduki wakati wa kurushwa.

Shingo ya ganda iliyopasuka kabla hata ya risasi kupigwa ndiyo ya kuangaliwa sana Dar es Salaam. Waingereza waliliona tatizo hilo India: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zilipasuka wakati wa masika, na utafiti wa 1921 ukaonyesha kwamba amonia ya mkojo, ikikutana na unyevu, hula ganda lenye mkazo. Basi usiweke risasi karibu na banda la kuku wala dawa za kusafishia choo. Mkanda wa ngozi nao huzitia kutu ya kijani, na mafuta ya kupuliza ya WD-40 hupenya hadi kwenye fataki. Zitunze kwenye boksi la chuma lenye mpira wa kuziba, pamoja na silika jeli ya kufyonza unyevu. Ukilitoa chumba chenye kiyoyozi, usilifungue mpaka lipoteze ubaridi, la sivyo risasi zitatoka jasho.

Ukibaki na shaka, jaribu risasi za boksi jingine kwa bunduki ileile na magazini ileile. Hitilafu ikiisha, boksi la kwanza ndilo bovu. Lipeleke kituo cha polisi, si jalalani.