Mambo ya Kuandaa Kabla Huduma za Saratani Hazijakwama

Janga la kuambukiza linapozuka, vifo vya saratani havipandi wiki ile ile. Hupanda miaka kadhaa baadaye, wakati watu wamekwisha kusahau kliniki zilizoahirishwa. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walikadiria kwamba kuchelewa kwa uchunguzi kutokana na janga la korona kungeongeza vifo vya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 8 hadi 10, na vya utumbo mpana kwa asilimia 15 hadi 17, katika miaka 5. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kucheleweshwa matibabu huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 13 katika saratani kadhaa.

Wakati wa janga hilo, Nairobi ilifungwa, watu wasiingie wala kutoka, kuanzia Aprili 6 hadi Julai 2020, na usiku kulikuwa na kafyu. Mgonjwa wa Kitui anayetegemea mionzi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hawezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu, kwani mionzi kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa majuma kadhaa, na siku zinazorukwa huupa uvimbe nafasi ya kukua tena. Kwa hiyo familia na ikubaliane mapema ni ndugu yupi wa jijini atakayempokea, na daktari aombwe barua ya kuonyeshwa kwenye vizuizi vya polisi.

Nyaraka ndizo zinazosahaulika zaidi. Ripoti ya patholojia (uchunguzi wa kipande cha uvimbe maabarani), majibu ya picha, majina ya dawa za kemo (dawa za kuua chembe za saratani) na dozi zake, pamoja na mizunguko ya matibabu iliyokamilika, vinapaswa kupigwa picha na kutumiwa jamaa wawili, maana faili likibaki katika hospitali iliyogeuzwa kuwa ya karantini, daktari wa kwingine atalazimika kubahatisha au kuanza upya. Michango ya SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, nayo isiachwe nyuma, na dawa za maumivu zisisubiri hadi kidonge cha mwisho.

Anayepokea kemo awe na kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38 anatakiwa kufika hospitalini saa hiyo hiyo, kwa kuwa huenda chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, zimepungua mno. Lakini wakati wa janga, homa hiyo hiyo inaweza kumpeleka kwenye foleni ya washukiwa wa maambukizi, akakaa humo kwa saa nyingi. Barua fupi inayoeleza tarehe ya kemo ya mwisho huondoa ubishi mlangoni.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, anayepuuzwa zaidi ni yule ambaye bado hajapimwa: mama aliyekoma hedhi kisha akaona damu, au mzee anayeshindwa kumeza ugali. Huyo hana faili popote, wala hakuna muuguzi atakayempigia simu kumpa tarehe mpya. Akiwa na dalili kama hizo leo, kipimo chake kifanywe sasa, na majibu yafuatwe hadi yapatikane mkononi.