Namna ya kushona kitambaa cha mtaa kando ya Ruzizi

Kitambaa cha mtaa ni kimoja kinachounganishwa kwa vipande vya kila nyumba, kukumbuka tuliowapoteza na tuliyoyavuka. Anza na wamama wa mtaa. Rangi na uzi baadaye. Mimi huwapitia wiki mbili kabla, nikiomba kila nyumba kipande cha kitenge kilichochakaa pamoja na habari yake. Jirani yangu alinipa pindo la kitenge alichombebea mtoto mgongoni siku waliyokimbia vita. Alilishika muda mrefu, akilipapasa kwa kidole gumba, ndipo akaliachia. Mtu kama huyo usimharakishe. Kaa, kunywa chai yake.

Okoteni pia chupa za plastiki mitaroni. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu, Kongo, na takataka zinazoelea huenda kuziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi 1. Chupa hizo zikate umbo la samaki, toboa kwa msumari wa moto, zining'inize kwenye pindo la kitambaa.

Siku yenyewe ya kushona fikeni mtoni asubuhi mapema. Kaeni mbali na ukingo. Mkondo una nguvu. Kila mtu ashone kipande chake kwenye cha jirani, na akishona ataje aliyempoteza au alichokivuka. Wengine waitike: "Tuko!" Asiyetaka kusema, ashone kimya. Mara ya kwanza nilileta kipaza sauti, wazee wakanyamaza wote. Sasa natumia sauti tupu.

Mkimaliza, kishikeni wote, mkielekea majini, na mzee akinyunyizie maji ya mto kwa kibuyu. Usiku huo kitambaa kilale kwa aliyeleta kipande cha mwisho.