Somo: Namna ya kuchagua mbegu ya nyanya ndogo kwa eneo lako na matumizi yako

Nimepanda nyanya ndogo kwa miaka kadhaa, kwanza kwenye ndoo barazani Tanga na baadaye kwenye kipande cha shamba Lushoto, na kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchagua mbegu kwa kuangalia picha ya tunda kwenye pakiti. Picha haikuambii mmea utakuwa mrefu kiasi gani, wala ngozi ya tunda itastahimili mvua au la, ilhali mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utavuna au utajuta. Kwa kuwa Visiwani neno tungule hutumika kwa nyanya za kila ukubwa, hapa nitasema nyanya ndogo ili tusipishane.

Hatua ya kwanza: tambua makundi yake

Nyanya cheri ni ya mviringo, huwa na uzito wa gramu 10 hadi 25, ngozi yake ni nyembamba na ndani ina maji mengi. Sungold ya rangi ya chungwa, iliyozalishwa na kampuni ya Tokita ya Japani, Sweet 100 na Gardener's Delight zote zimo katika kundi hili. Nyanya zabibu ni ndefu kidogo, ina nyama nyingi kuliko maji, na ngozi yake ni ngumu. Santa, iliyozalishwa Taiwan, ndiyo iliyolifanya kundi hili lijulikane katika maduka makubwa ya Marekani. Kundi la tatu ni nyanya za ukubwa wa punje ya njegere, ambazo ni spishi jirani, Solanum pimpinellifolium, yenye asili ya Peru na Ekuado. Hizi huzaa kwa wingi wa kushangaza, lakini kuzichuma moja moja kunachosha, hivyo sizipendekezi kwa anayetaka kuuza.

Hatua ya pili: amua kati ya nyanya fupi na nyanya ndefu

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Nyanya fupi hukua hadi kimo fulani, ncha ya shina huishia kwenye kichala cha maua, na matunda yake mengi huiva katika kipindi kifupi. Nyanya ndefu haina kikomo cha namna hiyo: huendelea kurefuka na kutoa vichala vipya mpaka iuawe na ugonjwa, ukame au baridi, na ikitunzwa vizuri hupita mita mbili. Nyanya cheri nyingi zenye sifa ya utamu ni ndefu, jambo ambalo wauzaji wengi wa mbegu hawalisemi. Mwaka wa pili wa kilimo changu niliuziwa pakiti iliyoandikwa kuwa ni ya mmea mfupi wa chungu, nikapanda miche sita kwenye ndoo za lita 10. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha ilikuwa imefika dari ya baraza, imelala juu ya kamba za nguo, na ndoo zilikuwa zinakauka mara mbili kwa siku.

Kwa hiyo, kama una chungu au ndoo ndogo tu, tafuta aina fupi kabisa kama Tiny Tim, ambayo haizidi sana kimo cha sentimita 45 na hutosheka na chombo cha lita 5 hadi 10. Kama utapanda aina ndefu, andaa chombo cha lita 20 au zaidi, au nafasi ya sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche shambani, usimike nguzo mapema, na uwe tayari kuondoa kila wiki machipukizi ya kwapani, yaani yale yanayoota kati ya jani na shina. Utaijua kazi hiyo kwa vidole: utomvu wa majani huganda kama rangi nyeusi yenye ukijani, na ukinawa kwa sabuni povu linageuka manjano. Nyanya fupi usiipogoe hivyo, kwa sababu kila tawi unalokata ni matunda unayoyatupa.

Hatua ya tatu: pima ngozi dhidi ya mvua na safari

Tunda likiwa limekaribia kuiva, kisha mizizi ikapata maji mengi kwa ghafla baada ya ukavu, nyama ya ndani huvimba haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, na tunda hupasuka. Sungold ni tamu sana, lakini ni maarufu kwa udhaifu huu. Asubuhi moja ya masika nilikuta kichala kizima kimechanika kuanzia kwenye kikonyo, nyufa bado zina unyevu na sisimizi wameshapanga mstari. Tangu hapo, wingu likianza kujikusanya jioni, huchuma hata zile ambazo zimegeuka rangi nusu tu, nami huziacha ziive juu ya meza. Ukilima mahali penye mvua nyingi, au mzigo wako ukipanda basi kabla ya kufika sokoni, nyanya zabibu itakufaa zaidi. Juliet, ambayo ni kubwa kidogo na ilishinda tuzo ya mbegu ya Marekani iitwayo All-America Selections mwaka 1999, inasifiwa hasa kwa kustahimili mpasuko.

Hatua ya nne: soma pakiti yote

Alama F1 maana yake ni chotara, na mbegu za tunda lake hazitazaa mimea inayofanana na mama. Herufi zinazofuata jina ni ukinzani: V na F ni kwa minyauko miwili ya ukungu, N ni kwa minyoo fundo ya mizizi, na T ni kwa virusi vya batobato ya tumbaku. Udongo wako ukiwa umewahi kukaa nyanya, bilinganya au viazi mviringo, herufi hizo zina thamani kuliko utamu.

Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwa kawaida za chungwa na njano huonekana tamu kwa sababu ukali wake mdomoni ni mdogo, na zenye rangi ya kahawia iliyokolea, kama Black Cherry, zina ladha nzito. Chagua unayoipenda baada ya kumaliza hatua nne hizi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Mombasa ghorofani, maua yanapukutika bila kuzaa. Je, ni mbegu?*

Marahaba. Huenda ni joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofika na maua huanguka. Nyanya ndogo huvumilia joto kuliko kubwa, basi baki nazo, lakini sia mbegu ili maua yatokee katika miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti. Tikisa vichala taratibu asubuhi, kwa sababu ghorofani upepo na nyuki huenda visitoshe.

*Nimenunua nyanya zabibu dukani, zimenipendeza. Naweza kutumia mbegu zake?*

Zitaota, ila nyingi za dukani ni chotara, kwa hiyo utapata mimea ya namna mbalimbali. Ukitaka kujihifadhia mbegu, anza na aina isiyo chotara kama Gardener's Delight. Kamua mbegu pamoja na ute wake, ziache kwenye kikombe siku mbili au tatu mpaka ute uchachuke, zioshe, kisha zianike kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi, maana zitaganda.

*Je, kuna aina ndogo isiyoshambuliwa na kantangaze?*

Ndugu yangu, kantangaze ni nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, na sijaona aina niliyoweza kuipanda nikaiacha bila ulinzi. Tumia wavu kitaluni, kagua majani kutafuta michirizi myeupe ya viwavi, ng'oa masalia mara baada ya mavuno, na usipande nyanya mfululizo mahali pamoja. Ukichagua nyanya fupi utapata faida moja: mavuno yake hukamilika mapema, na shamba lako halitabaki na chakula cha kizazi kinachofuata cha wadudu hao.