Namna ya kuchagua na kujipulizia manukato yanayonukia soda katika hali ya hewa ya Mwanza

Manukato yanayonukia soda yana mvuto wake, na mvuto huo hautokani na sukari. Sukari imejaa tele katika manukato yote yanayonukia vitu vya kula, yaani keki, karameli, chokoleti na vanila, ambayo yalipata umaarufu mkubwa tangu mwaka 1992, mtengenezaji wa manukato Olivier Cresp alipoitengenezea nyumba ya mitindo ya Thierry Mugler nchini Ufaransa manukato ya Angel, akichanganya pachuli, mafuta ya majani yanayonukia udongo, na etili maltoli, kemikali inayonukia sukari iliyoungua. Kinachoyatenga manukato ya soda na ndugu zake hao ni gesi: ule mchomo mwepesi unaopanda puani pindi kizibo kinapofunguka. Anayeyanunua kwa kufuata utamu peke yake huishia kuwa na sharubati nzito shingoni, na kwa jua la Mwanza pamoja na unyevunyevu wa ziwa, sharubati hiyo itamchosha yeye mwenyewe na aliyekaa naye kiti kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, ifundishe pua yako kwa soda halisi. Nunua mbili zilizo baridi, moja ya kola na nyingine ya tangawizi. Isogeze pua kwenye mdomo wa chupa ya kola mara tu kizibo kinapotoka. Utakachokihisi kwanza ni mwasho, kwa kuwa gesi ya kaboni dayoksaidi haina harufu yoyote. Inapokutana na majimaji ya ndani ya pua hugeuka kuwa asidi hafifu, na asidi hiyo ndiyo inayochoma. Nyuma ya mwasho huja ndimu, limau na ganda la chungwa. Sasa iache chupa mezani mpaka baridi iishe, kisha unuse tena: ndimu imefifia, na mahali pake umekuja mdalasini, kungumanga, pengine na giligilani kwa mbali, vyote vikiwa vimelala juu ya vanila. Ladha ya kola kwa kawaida hujengwa kwa viungo hivyo, ambavyo mpishi yeyote wa pilau anavijua. Soda ya tangawizi itakufundisha jambo jingine, kwamba ukali unaweza kutoka kwenye kiungo chenyewe hata gesi inapopungua. Mwisho, mimina kola kidogo kwenye glasi, uiache ilale hadi asubuhi, uinuse ikiwa haina gesi kabisa. Ikumbuke vizuri harufu hiyo, maana ndivyo manukato mabaya ya soda yanavyonukia tangu siku ya kwanza.

Mtengenezaji wa manukato hawezi kuifungia gesi ndani ya chupa, hivyo huiigiza. Hutumia maganda ya ndimu na balungi, tangawizi, pilipili za rangi ya waridi, na aldehaidi, ambazo ni kemikali zenye harufu kali na nyepesi zinazoipa pua hisia ya kumetameta. Mtengenezaji wa manukato Ernest Beaux alizitumia kwa wingi katika manukato ya Chanel No. 5 mwaka 1921, na mpaka leo ni miongoni mwa njia bora za kuleta mchomo. Unaposoma maelezo ya manukato unayoyataka, tafuta vitu hivyo kabla ya kuangalia kitu kingine. Maelezo yakitaja karameli, sukari na vanila bila kutaja ndimu wala tangawizi, hayo ni manukato ya peremende, hata kama chupa yake imechorwa mapovu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi. Chembe za ndimu na aldehaidi ni nyepesi, huruka upesi, ilhali za vanila na miski ni nzito na hukaa ngozini kwa saa nyingi. Soda unayoipenda huishi takribani nusu saa ya kwanza. Baada yake huja viungo, na kinachobaki hadi jioni ni vanila. (Vanila hulimwa hata mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa, lakini manukato mengi hutumia vanilini ya maabara, yaani kemikali yenye harufu ya vanila, ambayo Wajerumani Tiemann na Haarmann waliifanikisha mwaka 1874.) Usiyalaumu manukato kwa sababu gesi imeondoka. Cha kufanya ni kuipanga nusu saa hiyo iangukie mahali unapotaka unukie.

Madukani, iwe ni Makoroboi, Barabara ya Pamba au Rock City Mall, nenda asubuhi kabla pua haijachoka. Aliyepitia Mwaloni Kirumba kwenye magunia ya dagaa asitarajie kuipata ndimu vizuri muda huohuo. Nusa aina mbili au tatu tu kwa siku. Ile iliyokuvutia ipulizie kwenye mkono wako, si kwenye karatasi peke yake, kisha utoke nje, utembee juani, ufanye shughuli zako, na urudi baada ya saa moja au zaidi. Muuzaji makini hataona vibaya. Kama katika saa hiyo umejikuta unainua mkono kunusa tena na tena, nunua; kama umeanza kutamani maji na sabuni, shukuru kwamba hukutoa pesa.

Pafyumu za kupima, zinazouzwa kwa mililita, ni njia nzuri ya kuanza kwa gharama ndogo, ila uliza kama ni za spiriti au za mafuta. Mafuta ni mazuri sana kwa udi na miski, lakini kwa soda siyashauri: spiriti huvukizwa haraka na kuibeba ndimu hewani, wakati mafuta huishikilia ngozini, nayo gesi haipandi. Kwa sababu hiyohiyo napendelea chupa iliyoandikwa eau de toilette, yenye manukato ya asilimia 5 hadi 15 hivi, kuliko eau de parfum inayofika asilimia 15 hadi 20. Katika joto letu ile ya kwanza hubaki na wepesi wake. Kwa chupa nzima, angalia boksi lenye orodha ya viambato na tarehe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Sasa namna ya kujipulizia. Mtu anayetoka Igoma kwenda harusini Capri Point kwa daladala akijipulizia nyumbani, soda yote itaishia kwa abiria, na maharusi watapewa vanila. Ni bora ajipake nyumbani mafuta ya ngozi yasiyo na harufu, ambayo hupunguza kasi ya manukato kuruka, abebe kichupa cha mililita tano, na ajipulizie akishafika: mara moja kila upande wa shingo na mara moja kifuani. Inatosha. Asiyasugue kwa viganja, bali ayaache yakauke yenyewe. Ndani ya gari au ukumbi uliofungwa mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa sababu ya manukato ya jirani, na hilo ni jambo la kulijali kuliko kunukia.

Nguo hutunza ndimu kwa muda mrefu kuliko ngozi kwa kuwa haina joto la mwili, hivyo upindo wa kitenge au mtandio wa rangi iliyokoza ni mahali pazuri. Kanzu na shati jeupe viepuke, kwa sababu vanilini hugeuka kahawia na doa lake halitoki kirahisi. Anayependa udi ana bahati: afukize nguo kidogo usiku, na kesho yake ajipulizie manukato ya kola juu yake. Moshi wa udi huupokea mdalasini na kungumanga vizuri mno, na utamu unapata uzito bila kuzidi. Huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote. Manukato ya soda ya matunda, kama nanasi au pasheni, hayaelewani na udi. Yaache peke yake.

Katika kutafuta mchomo zaidi, usijipake kamwe maji ya ndimu wala mafuta ya ganda lake. Yana furokumarini, kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi kwa wiki au miezi. Watengenezaji wakubwa huzipunguza kabla ya kuuza, jambo ambalo mchanganyiko wa nyumbani haulifanyi, na Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta.

Chupa ihifadhiwe kabatini, ndani ya boksi lake, mbali na dirisha na mbali na jiko, kwa kuwa spiriti inashika moto. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari hupata joto kali mchana, kwa hiyo weka chini, karibu na sakafu. Manukato yakibadilika rangi na kuwa ya chai usiyatupe, kwani mara nyingi ni vanilini tu inayokolea. Kinachoharibika kwanza ni ndimu: ukiona mwanzo wake unanukia tapentaini badala ya tunda, gesi imekwisha, na kilichobaki humo kitumie kunukizia mapazia.