Somo: Namna ya kusoma isofomu ya protini adapta

Protini adapta si kimeng'enya. Haikati kitu wala haibandiki fosfeti popote. Kazi yake ni kushika huku na kule mpaka protini mbili zikutane. Jeni lake limegawanyika katika vipande viitwavyo eksoni, na isofomu ni toleo la protini linalopatikana vipande hivyo vikiunganishwa kwa namna tofauti. Kwa hiyo eksoni ikirukwa wakati RNA inaunganishwa, usiulize protini imedhoofika kiasi gani. Uliza ni mkono upi umeondoka.

Hatua ya 1. Chora vikoa vyake (sehemu zinazoshika, yaani mikono) kwa mpangilio. Protini adapta Grb2, kwa mfano, ni SH3, SH2, SH3 (SH2 hushika protini zenye fosfeti; SH3 hushika protini nyingine). Inatosha.

Hatua ya 2. Gawa urefu wa eksoni iliyorukwa kwa 3. Eksoni ya 2 ya MyD88 ya binadamu, protini adapta ya kinga ya mwili, ina nyukleotidi 135, yaani asidi amino 45 kamili. Ikirukwa, protini inashuka kutoka asidi amino 296 hadi 251, na ncha zote mbili zinabaki nzima. Pakiwa na baki, fremu (usomaji wa herufi tatu tatu) inavurugika. Mara nyingi kodoni ya kukomesha (herufi tatu zinazosimamisha utengenezaji wa protini) hujitokeza mapema na RNA yenyewe huharibiwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu: mikono iliyobaki inashika nini? MyD88 ndefu hujishikiza kwenye vipokezi vya TLR (vinavyotambua vijidudu), humwita kimeng'enya IRAK4, naye humpa mwenzake IRAK1 fosfeti, na mwisho NF-κB, protini inayowasha jeni, huingia kwenye kiini. Ile fupi, MyD88S, bado inakaa kwenye kipokezi na bado inamshika IRAK1, ila IRAK4 haji. Ni sawa na mtu aliyekalia kiti cha dereva bila kugusa usukani: gari haliendi, na dereva hana pa kukaa. Ndiyo maana isofomu hii haiishii kukosa kazi tu, inaizuia ndefu isifanye yake. Monositi (seli nyeupe za damu) zikichokozwa kwa muda na LPS, kemikali ya ukuta wa bakteria, huiongeza MyD88S, ishara ikapoa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, na Grb3-3, isofomu fupi ya Grb2, je?*
Inafanana. Imepoteza takriban asidi amino 40 za SH2, kwa hiyo haikamati kipokezi cha EGF (protini inayochochea ukuaji) chenye fosfeti, lakini SH3 zake ni nzima. Inapingana na Grb2 na kufifisha ishara ya seli kugawanyika. Ilipodungwa ndani ya fibroblasti, seli zilijiua.

*Nitazitofautishaje MyD88 mbili maabara?*
RT-PCR (kunakili RNA na kuizidisha): praima, yaani kipande kifupi cha DNA cha kuanzia, moja eksoni ya 1, nyingine ya 3. Mkanda wa fupi utakuwa chini kwa nyukleotidi 135. Praima ikiwa ndani ya eksoni ya 2, hutaiona fupi kamwe. Kwa western (kupima protini kwa kingamwili), tofauti ni kama kDa 5 tu, na kingamwili inayolenga eneo la kati itaikosa fupi kabisa.

*Mwalimu, p46 na p52, matoleo mawili ya protini adapta Shc, nayo yametokana na eksoni kurukwa?*
Hapana, hapo wengi huteleza. Zinatoka kwenye RNA moja. Ribosomu, mashine ya kutengeneza protini, huanza p46 kwenye AUG (alama ya kuanzia) iliyo baada ya ile ya p52. Yenye kipande cha ziada mwanzoni, CH2, ni toleo la tatu, p66.